Bei na Gharama

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nimejifunza ukubwani kwamba haba na haba hukimaliza vilevile.

Mwishoni mwa mwaka 2019 nilinunua nyumba ya chumba kimoja na sebule katika ghorofa moja huko Dubai, nilikokuwa nikifanya kazi. Bei ilikuwa dirhamu 600,000, nami nilikuwa nazo 600,000 kamili, jasho la miaka mingi. Nikampigia simu kaka yangu Mombasa, nikamwambia kwa majivuno, "Sihitaji senti ya mtu."

Wiki ile ile dalali akaniletea hesabu. Ada ya kuhamisha milki katika idara ya ardhi, asilimia 4: dirhamu 24,000. Sheria inazungumzia kugawana na muuzaji, lakini desturi ya soko ni mnunuzi kubeba zote. Udalali, asilimia 2: 12,000, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, 600. Ofisi ya kusajili mauzo, pamoja na kodi yake: 4,200. Jumla 40,800, bila kuhesabu hati na vikaratasi vingine.

Dalali hakunidanganya. Nilimuuliza bei, naye akanitajia bei. Gharama sikuuliza.

Nilikuwa nimekwisha kutoa amana, na kurudi nyuma kulikuwa hasara. Nikapiga simu tena, safari hii sauti ikiwa chini. Kaka alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Zipo za bati la mama." Akazituma.

Masika ya 2020 mama aliyapokea kwa mabeseni, moja sebuleni, mawili chumbani. Nilipomwomba radhi alicheka, akasema maji ya mvua hayana ada.

Nilitumaini kodi ya mpangaji ingelipa deni haraka. Kumbe kuna ada ya matunzo ya jengo, lifti, walinzi na usafi, inayohesabiwa kwa ukubwa wa nyumba kila mwaka, mpangaji awepo asiwepo. Ikatangulia hiyo, kaka akafuata. Mama aliezekewa mwaka 2021.

Nyumba bado ninayo, wala sijutii kuinunua. Lakini mtu akinijia na habari za kununua nchi za watu, simuulizi bei. Namuuliza ameweka nini kando baada ya bei, na hizo za kando ni bati la nani.