Ritifaa Iliyopotea Njiani

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alibisha hodi ofisini, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake. Nilipomuuliza kulikoni, alisema: "Mwalimu, tumeona ulichoandika, kwamba sisi hatupendi kusoma. Wenzangu wamevunjika moyo. Walidhani wewe uko upande wetu."

Nilishangaa, kwa kuwa makala niliyoiandika wiki ile ilisema kinyume chake. Kichwa chake kilikuwa "Wanafunzi wa siku hizi hawapendi kusoma: uongo tunaoupenda." Humo nilieleza jinsi vijana hawa wanavyosoma usiku kwenye vioo vya simu vilivyopasuka, nakala zilizofifia, kwa sababu kitabu kimoja cha maktaba kinagombewa na darasa zima. Mwanafunzi alinionyesha simu yake. Katika kundi lao la WhatsApp kulikuwa na anwani tupu, na sehemu yake ya mwisho ilisomeka hivi: wanafunzi-wa-siku-hizi-hawapendi-kusoma. Basi. Wengi hawakuwa na bando la kuifungua, wakajadili anwani usiku kucha.

Maneno mawili yaliyobeba hoja yangu yote yalikuwa yamekatwa na programu, na mimi sikujua.

Tangu siku ile nimekuwa nikichunguza jinsi anwani hizi zinavyozaliwa. Kazi yenyewe si ya ajabu. Mwandishi anapoandika kichwa, programu hukichukua na kukichuja. Herufi kubwa hugeuzwa kuwa ndogo. Nafasi kati ya maneno hugeuzwa kuwa vistari. Mkato, nukta pacha, alama ya kuuliza na ya mshangao hufutwa. Kama kichwa ni kirefu, baadhi ya programu hukikata penye mpaka wa neno na kuacha mkia ukianguka. Kama kuna makala ya awali yenye anwani ileile, WordPress kwa mfano huongeza tarakimu 2 mwishoni ili zisigongane. Mwandishi akishachapisha, hata akibadilisha kichwa, anwani kwa kawaida hubaki kama ilivyozaliwa.

Miongoni mwa vinavyofutwa ni ritifaa. Niliwahi kuandika juu ya kung'oa mizizi ya rushwa; anwani ikaja na "kungoa". Ngoa, kama wajuavyo wazee wa pwani, ni tamaa, au uchungu wa wivu. Ninayetaka kuing'oa rushwa nikaonekana nina ngoa nayo! Vivyo hivyo "ng'ara" hugeuka kuwa Ngara, wilaya iliyoko mkoani Kagera, na wanyang'anyi wakawa "wanyanganyi", watu ambao hakuna kamusi inayowatambua.

Mtu atasema kwamba hizo ni sheria za intaneti, na sheria ni msumeno. Sivyo. Waraka wa kiufundi wa Desemba 1994 uliotandika kanuni za anwani za wavuti, ambao Tim Berners-Lee ni mmoja wa waandishi wake, uliitaja ritifaa kati ya alama zinazoweza kuandikwa kwenye anwani bila kugeuzwa. Alama hii haikupigwa marufuku na sheria. Iliondolewa na mazoea. Katika lugha nyingi za kompyuta ritifaa huonyesha mahali maneno yanapoanza na kuishia, kwa hiyo watunga programu huiogopa. Tena katika Kiingereza hasara ya kuifuta ni ndogo, kwa kuwa huko mara nyingi huonyesha herufi iliyomezwa au umiliki. Kwetu hiyo ni sehemu ya sauti. Ukiiondoa, umeondoa konsonanti.

Hata hivyo sisi tunaoandika kwa herufi za Kilatini tuna nafuu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya tahajia tunayoitumia leo. Mtu akitaka leo kuweka kichwa cha aina hiyo kwenye anwani, kila herufi husafirishwa kama jozi mbili za tarakimu na herufi zenye alama za asilimia. Herufi "be" peke yake huwa %D8%A8. Anwani iliyonakiliwa kwa umbo hilo haiwezi kusomwa na yeyote, hata aliyeiandika.

Ninayasema haya kwa sababu nafundisha siasa, na nimezoea kutafuta mamlaka bungeni, mahakamani na kambini. Sikuwa nimezoea kuyatafuta kwenye chaguo ambalo mtu ameliweka tayari kabla sijafika. Hakuna aliyekusudia kuidhuru lugha yangu. Aliyeandika programu hakuwa na sisi akilini, na kutokuwa akilini mwa mwenye kuamua ni namna mojawapo ya kutawaliwa.

Lakini haki inanitaka nijihukumu pia. Programu ilikata mkia; ni mimi niliyeuweka ukweli mkiani. Kichwa changu kilianza kwa kurudia kashfa neno kwa neno, kisha kikaikanusha mwishoni. Magazeti na wanasiasa wetu hufanya hivyo kila siku, na kila siku kashfa hufika kabla ya kanusho. Hata bila programu, msomaji mwenye haraka angeishia nusu ya njia.

"Si ubadilishe tu, Mwalimu?" mwanafunzi aliniuliza. Nilimweleza kwamba mwaka 1998 Berners-Lee aliandika waraka mfupi akisihi kwamba anwani njema haibadiliki. Anwani ni ahadi: aliyeinakili leo ana haki ya kuikuta kesho. Ni ahadi ambayo ofisi zetu nyingi za umma huivunja. Tovuti hupakwa rangi mpya, na ripoti na miswada iliyokuwa humo hubaki viungo vinavyoelekea kusikojulikana. Raia akitaka kumkumbusha kiongozi alichoahidi, hana pa kumwonyesha. Sikutaka kufanya hayohayo kwa udogo wangu.

Basi mbele yake niliandika anwani mpya kwa mkono wangu, herufi kwa herufi: uongo-kuhusu-wanafunzi-na-kusoma. Ile ya zamani sikuifuta. Niliiwekea elekezo, ili kila aliyeibofya apelekwe kwenye mpya. Mwanafunzi akaituma kundini. Baada ya siku mbili alirudi na wenzake wawili, wakiwa wamesoma makala yote na wakiwa na mambo matatu ya kunisahihisha. Mawili walikuwa sahihi.

Tangu hapo sichapishi neno kabla ya kuisoma anwani yake kwa sauti. Ritifaa bado hupotea, nami huchagua neno jingine panapowezekana. Pasipowezekana huiacha anwani ikiwa na kilema chake, kisha ndani ya makala naandika kung'oa kama inavyotamkwa.