Vitabu kumi vya mama mdogo

Haya wandugu, nimerudi. Najua nimewatupa tangu wiki ya test, naombeni radhi. Sijadisko, msinizushie, bado nipo nipo hapa Mlimani. Ni mambo tu yaliingiliana, na kubwa kuliko yote ni hili ninalowaletea leo, ambalo lilianza kama utani.

Wiki 3 zilizopita mama mdogo alinipigia simu. Yeye ni mwalimu wa darasa la 3 kule Muheza, shule ileile niliyosoma mimi. Akaniambia wazazi wamechanga, fundi ametengeneza kabati jipya, na zimebaki shilingi 80,000 za kununulia vitabu vya hadithi. "Wewe ndiyo uko chuo kikuu mwanangu. Tuchagulie 10, vilivyo bora kuliko vyote. Vya kiada tunavyo, hivyo usihangaike navyo." Nikamjibu kwa mbwembwe, "Hiyo ndogo sana mama, kesho asubuhi unayo orodha."

Kesho yenyewe ilichukua siku 19.

Usiku ule nikawauliza washikaji wa chumbani. Kosa kubwa hilo! Tuko wanne, na ilipofika saa 7 usiku bado kulikuwa na kelele kama za bunge. Jamaa wa sheria akasema kitabu cha mtoto lazima kiwe na funzo, bila hivyo ni kupoteza pesa za watu. Jamaa wa uhandisi akasema funzo ndilo linalowakimbiza watoto, wape majini na mazimwi wafurahi. Wa tatu yeye akasema kwao hakikuwahi kuonekana kitabu cha hadithi hata kimoja, hadithi zote alizipata kwa bibi yake jikoni, kwa hiyo tumwache alale. Na kweli akalala.

Asubuhi nikaenda kutoa kopi ya desa, nikamuuliza yule mzee wa steshenari. Yule mzee hakufikiri hata sekunde. "Kibanga Ampiga Mkoloni!" Halafu akaanza: Bulicheka na mkewe Lizabeta, Wagagagigikoko, Sizitaki Mbichi Hizi, zote hizo za vitabu vya zamani vya shule, Tujifunze Lugha Yetu na ndugu zake. Mzee wa watu alisimamisha mashine, foleni nyuma yangu inanung'unika, yeye anacheka peke yake. Nikagundua jambo moja pale. Ukimwuliza mtu kitabu bora cha watoto cha wakati wote, hakutajii cha wakati wote. Anakutajia alichosoma akiwa na miaka 10.

Nikasema basi nitafute wataalamu. Nikakuta mwaka 2023 BBC waliwauliza wataalamu 177 kutoka nchi 56, kila mmoja ataje vitabu vyake 10 bora vya watoto. Vikatajwa vitabu 1,050! Namba 1 ikawa Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak, cha mwaka 1963. Kikafuata cha Alice cha Lewis Carroll (1865), kisha Pippi Longstocking cha Astrid Lindgren (1945), kisha The Little Prince cha Mfaransa Saint-Exupéry (1943), na cha 5 The Hobbit cha Tolkien (1937). Vitatu Kiingereza, kimoja Kiswidi, kimoja Kifaransa. Sina ugomvi navyo. Lakini jamani, 177 wakitaja vitabu 1,050 maana yake hata wao hawakukubaliana, sembuse sisi wanne wa chumba kimoja tena wenye njaa.

Ila orodha ile ilinipeleka mahali. Kumbe viwili kati ya hivyo vitano vipo kwa Kiswahili! The Little Prince kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme, wametoa Mkuki na Nyota wa hapahapa Dar. Na cha Alice kilitafsiriwa mwaka 1940, kikaitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na kwenye picha zake Elisi ni binti wa Kiafrika. Mwaka 2015 kikatafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis, kikawa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Yaani huyo sungura mwenye saa amekuwa akikimbia kwa Kiswahili kabla ya babu yangu kuoa.

Nikazidi kuchimba. Wazee wetu wengi wenye umri wa kustaafu ukiwagusa tu watakwambia Mashimo ya Mfalme Suleimani. Hiyo ni riwaya ya Mwingereza Rider Haggard ya mwaka 1885, na aliyeitia Kiswahili ni Frederick Johnson, ambaye kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ndiye aliyekuwa katibu wake wa kwanza. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa TUKI, na tangu 2009 ni TATAKI, hapo hapo tunapopita kila siku. Nilikisoma tena. Ni kitamu, sitawadanganya. Lakini safari hii nilisoma nikiwaangalia wabeba mizigo. Wazungu watatu wanatafuta almasi, watu weusi wanabeba, na bibi kizee mwenye kutisha kuliko wote ni wa kwetu. Nilipokuwa mtoto nilijiona mimi ndiye mwindaji mwenye bunduki. Sikuwahi hata siku moja kujiona mbeba mizigo. Sijui kama hilo ni jambo jema au baya, ila nikakifuta kwenye orodha, nikakirudisha, nikakifuta tena.

Shaaban Robert hakuwa na mjadala. Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Ndugu wawili wanageuzwa manyani kwa ubaya waliomfanyia Adili, na Adili analazimika kuwapiga viboko kila usiku huku roho inamuuma. Mtoto wa miaka 9 anaelewa kabisa, wala hahitaji mwalimu. Nikaweka na Marimba ya Majaliwa cha marehemu Edwin Semzaba, E&D Vision walikitoa mwaka 2008. Semzaba alifundisha sanaa hapa chuoni kwetu, na akafariki mwaka 2016. Nikaweka na vile vyembamba vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa Wakanada ili waandishi na wachapishaji wetu wapate soko la vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Vile vina maandishi makubwa na picha, mtoto wa darasa la 2 anavimudu mwenyewe.

Sasa namba 1. Namba 1 yangu niliijua tangu simu ya kwanza: Hekaya za Abunuwasi. Yule bwana anayeazima sufuria, anairudisha na kijisufuria ndani yake, anasema imezaa. Mwenyewe anafurahi, anapokea. Siku nyingine anaazima tena, hairudishi, akiulizwa anasema imekufa. Mtoto yeyote akiisikia hiyo anaelewa mara moja kwamba aliyekubali kuzaa kwa sufuria hawezi kukataa kifo chake. Somo zima la sheria hilo, jamaa yangu wa chumbani analipia ada miaka 4.

Lakini kuna kitu sijawahi kuandika hapa, wala kumwambia mtu. Kitabu changu cha Abunuwasi niliiba.

Nilikuwa darasa la 5. Shule ilikuwa na kabati moja la vitabu ofisini, na ufunguo alikaa nao kiranja, dada mmoja wa darasa la 7. Nilikiazima Ijumaa, nikakipenda, Jumatatu nikarudi nikamkuta ana kazi nyingi, nikajifanya nimekiweka mahali pake. Kumbe nimekiingiza ndani ya shati. Muhula ulipofungwa wakahesabu, kimoja hakipo. Yule dada alichapwa mbele ya mstarini, akaambiwa mama yake alipe. Mama yake hakuwa na cha kulipa. Akanyang'anywa ufunguo. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nimenyamaza kimya kama maji mtungini. Kitabu kipo nyumbani mpaka leo, na mhuri wa shule ukurasa wa kwanza.

Wikiendi iliyopita nikapanda basi pale stendi ya Magufuli Mbezi, nikaenda Muheza na orodha yangu mfukoni. Jumamosi jioni watoto wa jirani wakakusanyika barazani, nikasema ngoja niwajaribie. Nikawasomea kidogo Mwana Mdogo wa Mfalme, wakasikiliza kwa adabu, wawili wakaenda kuchota maji. Nikawapa sufuria ya Abunuwasi, wakacheka sana. Halafu nikawasomea kutoka kwenye simu kisa cha Sultani Darai, kile alichokusanya Askofu Steere Zanzibar na kukichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales.

Mnakijua? Maskini anayechakura jalalani anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema kama mtu. Paa yule anamtafutia almasi, anamtafutia mke binti wa sultani, anamuua joka la vichwa saba ili bwana wake apate jumba. Halafu paa anaugua. Bwana yuko ghorofani, hata kushuka kumwona hataki. Anaagiza apikiwe uji wa mtama duni. Paa anakufa kwa huzuni. Na yule bwana anazinduka, yuko jalalani, anachakura.

Nilipofika kwenye ule uji hakuna aliyesogea. Wale wa maji walikuwa wamerudi, ndoo bado ziko kichwani. Nilipomaliza, katoto kamoja ka kike, labda miaka 7, kakaniuliza, "Sasa kwa nini asingemwendea tu akamwambia samahani? Si alikuwa chini ya ngazi pale pale?"

Wandugu, sikuwa na jibu. Watoto walitawanyika, mimi nikabaki na simu yangu mkononi.

Usiku nikamwambia mama mdogo habari yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Nakusikia. Lakini mimi ndiye uliyeniibia?" Basi. Hakuongeza neno, akaendelea na mchele wake.

Jumapili nikaenda stendi. Yule dada anauza machungwa pale, na mtoto wake ameanza darasa la 1 shule ileile. Nikamsalimia, akanikumbuka kwa jina la marehemu baba, "Ah, mtoto wa mwalimu! Za Dar?" Nikakitoa kitabu kwenye begi. Akakitazama, akafunua ukurasa wa kwanza, akaona mhuri. Abiria wanapiga kelele, kondakta anaita Korogwe, Korogwe. Nikasema, "Dada, ni mimi. Nisamehe." Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga toka Chalinze na yalikuwa marefu zaidi, lakini ndiyo yaliyotoka.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Nilichapwa 4. Fimbo nilizisahau mwezi uleule. Ufunguo ndio niliusikitikia. Mie nilikuwa nafungua asubuhi kabla ya watu, nasoma peke yangu. Baada ya pale sikukigusa tena kitabu cha mtu, niliogopa kikipotea nitaambiwa mimi." Akanirudishia kitabu. "Haya, nunua basi machungwa mdogo wangu, ya elfu 5. Usiniharibie Jumapili."

Nikanunua ya elfu 10. Najua machungwa hayalipi. Mwenzenu nilirudi Dar na gunia nusu, chumba kizima kinanuka machungwa mpaka leo.

Orodha niliyompa mama mdogo siyo ya vitabu 10. Ni vitano, nakala mbilimbili, kwa sababu darasa lake lina watoto wengi na kitabu kimoja kinachopendwa kinazaa ugomvi. Kuna Adili na Nduguze, Marimba ya Majaliwa, Mwana Mdogo wa Mfalme (kwa wale walioketi, si kwa wale wa maji), na viwili vyembamba vya Mradi kwa ajili ya wanaoanza. Abunuwasi hahesabiwi, anarudi kwao na mhuri wake. Kisa cha Sultani Darai nitakiandika kwa mkono kwenye daftari kubwa, maana kwenye simu ya mtu hakiwafikii. Mashimo nimeyaacha. Mzee wa steshenari ananuna, ila nimemwahidi Kibanga akipatikana nitamnunulia yeye binafsi.

Na nimemwomba mama mdogo jambo moja la mwisho: kitabu kikipotea, asichapwe wala asidaiwe mtoto mwenye ufunguo. Akanijibu kwamba hilo si la kwangu kuamua, ni la kamati ya shule, lakini atalipeleka kwenye kikao. Kikao ni mwisho wa mwezi. Nangojea simu.

Nikiulizwa tena kitabu bora cha watoto cha wakati wote, nitajibu hivi: ni kile ambacho mtoto aliamka mapema kukisoma kabla ya watu kufika. Jina lake silijui. Sikumwuliza yule dada alikuwa anasoma nini asubuhi zile, na nimekumbuka hilo nikiwa tayari nimefika Segera.

Ni hayo tu kwa leo. UE zinakuja, kesheni salama. Anayetaka machungwa apite chumbani, ila aje na kisu chake.