Kitale Hadi Bungoma: Nani Alimfunza Anayekuonyesha Njia?

MSOMAJI mpendwa, iwapo hujawahi kufika Kitale, fanya hima ufike. Mji huu umekaa baina ya Mlima Elgon upande wa magharibi na milima ya Cherangany upande wa mashariki, katika nyanda zinazopita mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake ya alfajiri itakufanya utafute sweta. Mahindi yake nayo utayaona tangu Moi's Bridge hadi uchoke kuyatazama. Reli ilifika hapa mwaka 1926 kuja kubeba mazao. Watalii hawakuwa katika hesabu, na hadi leo wageni wengi wanaotua Nairobi hupelekwa Maasai Mara au Mombasa pasipo kulisikia jina la Kitale hata mara moja.

Hata hivyo, leo sitaki tuzungumzie milima. Nataka tuwazungumzie watu watakaokupokea ukifika: kijana atakayekutangulia msituni, mhudumu atakayekuletea chai hotelini, mzee atakayekupigia litungu kule Bungoma. Watazame vizuri, kisha ujiulize: hawa walisomea wapi kazi hii, na ni nani aliyewapa cheti?

Tuanzie Saiwa, kiasi cha kilomita 20 hivi kutoka mjini ukishika barabara ya Kapenguria. Hii ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa humu nchini, takriban kilomita tatu za mraba tu. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, yule paa wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Akishtuka, nzohe hujitosa majini akabakiza pua. Gari haliingii humu. Utatembea kwa miguu juu ya mbao zilizotandazwa kinamasini, kisha utapanda kibanda kilichojengwa mtini na kungoja, ukiwa umenyamaza kimya.

Hapa ndipo utakapojua tofauti ya mwelekezi aliyefunzwa na aliyejiokotea kazi. (Nalitumia neno "mwelekezi" makusudi. Lile la Kiingereza, likitiwa katika matamshi yetu, hugeuka "gaidi", na sijamwona mtalii atakaye kuongozwa msituni na gaidi.) Asiyefunzwa atakufikisha Saiwa saa tano mchana, jua kali, kisha akuambie wanyama wamelala. Aliyefunzwa atakugongea mlango kabla ya mapambazuko, kwa kuwa anajua nzohe hujitokeza asubuhi na mapema au jioni. Atakuonyesha pia tumbili aitwaye kalasinga, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya zile ndevu zake nyeupe. Wewe peke yako ungempita mara kumi bila kumwona, maana tumbili huyu ni hodari wa kujificha.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa mwaka 1968, kuna pango liitwalo Kitum. Linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Usiku ndovu huingia humo gizani totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, kisha huchokoa ukuta kwa pembe zao na kutafuna mawe yenye chumvi. Hadithi hiyo kila mtu huisimulia, nayo ni ya kweli. Isiyosimuliwa sana ni kwamba wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wameingia Kitum kabla ya kuugua, na wote wawili walifariki. Tangu hapo wanasayansi wamegundua kwamba virusi hivyo hubebwa na popo walao matunda.

Je, mwelekezi amwambie mgeni habari hizo au anyamaze asije akampoteza? Kwa maoni yangu, mwelekezi anayenyamaza hastahili beji. Aliyefundishwa vyema atakueleza waziwazi ungali nje ya pango. Atakukataza kumgusa popo wala kinyesi chake, atakagua viatu vyako na tochi yako, na ukiamua kubaki mlangoni hatakucheka. Huo ni ujuzi, msomaji, nao haupatikani kwa kuzaliwa karibu na mlima.

Basi unapatikana wapi? Chuo kikuu cha kazi hizi kwa sifa ni Kenya Utalii College, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Kiko Nairobi, karibu kilomita 380 kutoka Kitale. Mzazi wa Endebess mwenye ekari mbili za mahindi akipiga hesabu ya karo, chumba na nauli, mara nyingi kijana hubaki nyumbani. Kuna njia nyingine: chama cha waelekezi wa safari, Kenya Professional Safari Guides Association, kilichoanzishwa mwaka 1996. Chama hiki hutoa mitihani ya ngazi tatu, yaani shaba, fedha na dhahabu. Shaba ndiyo ya kuanzia, na mtahiniwa hana budi kujua wanyama, ndege, mimea, jiografia ya nchi, mila za watu na namna ya kumtunza mgeni. Waliofika dhahabu ni wachache mno nchi nzima.

Mtihani huo haumuulizi mtu baba yake ni nani, na hilo nalipenda. Lakini tuseme kweli. Kijana wa Narok hufanya mazoezi kila siku kwa sababu magari ya watalii yanapita mbele yake tangu asubuhi. Wa Endebess anaweza kukaa wiki nzima bila mgeni, akisoma kitabu cha ndege huku akipalilia. Wakikutana katika chumba kimoja cha mtihani, karatasi ni ile ile.

Na sasa nikuulize jambo, wewe uliyekunywa chai Kitale. Ulitazama risiti? Hoteli na mikahawa iliyosajiliwa hutozwa ada ya asilimia mbili ya mauzo, ambayo zamani ilijulikana kama ada ya mafunzo ya upishi na sasa huingia katika Hazina ya Utalii iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mafunzo ya watu wa kazi hizi ni mojawapo ya sababu za kuwepo kwa ada hiyo. Kwa maneno mengine, kila sahani ya kuku unayolipia Kitale au Bungoma ina punje ya karo ya mtu fulani ndani yake. Sidhani ni utovu wa adabu kwa wenyeji wa Trans Nzoia kuuliza ni punje ngapi zinazorudi kwao. Chuo wanacho tayari: Kitale National Polytechnic, kilichopandishwa hadhi mwaka 2016. Mwenye kutaka kuendesha kozi fupi ya waelekezi msimu ule mahindi yameshavunwa hana haja ya kujenga jumba jipya.

Walimu wa kozi hiyo? Ningeanza kuwatafuta katika jumba la makumbusho la mjini. Jumba hili lilianza kama mkusanyiko wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham, mzungu aliyependa vipepeo na wadudu kuliko mahindi. Aliufungua mkusanyiko wake mwaka 1926, akafariki mwaka 1966 akiwa ameuachia taifa pamoja na fedha za kujengea mahali papya. Jumba la sasa likafunguliwa Desemba 1974, la kwanza la aina yake nje ya Nairobi na pwani. Nyuma yake kuna njia ya miguu inayopita katika kipande cha msitu wa asili kando ya mto. Siku za shule utakuta mabasi yamejipanga, na mwelekezi mmoja akiwakabili watoto themanini. Mtoto wa gredi ya nne humuuliza mambo ambayo mtalii wa Uholanzi huona haya kuyauliza. Aliyepita katika tanuri hilo miaka mitano haogopi kundi lolote.

Haya, tuelekee Bungoma. Panda matatu ya Webuye, upite Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Keti upande wa kulia ili uutazame Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Ukifika Webuye usiwe na haraka. Kuna maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia, na kuna kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijichimbia handaki na kupambana na majeshi ya Waingereza wenye bunduki za rashasha. Wengi waliuawa. Hapa mwelekezi hana nzohe wala ndovu wa kumsaidia. Ana kilima, nyasi na maneno yake tu. Akiijua historia, utashuka umenyamaza. Asipoijua, utakuwa umepanda kilima kupiga picha za ng'ombe.

Hata jina la mji wa Bungoma ni mtihani. Wako wasemao limetokana na ngoma zilizokuwa zikipigwa hapo wazee walipokutana. Wengine hulihusisha na watu waliojulikana kama Wabongomek, waliokaa hapo kitambo. Mwelekezi mwema atakupa habari zote mbili na kukuachia mwenyewe.

Bungoma ni mji wa sanaa kuliko wanyama. Kuna kamabeka, ngoma ya mabega, ambayo ukiitazama utadhani mifupa ya wachezaji imefungwa kwa mpira. Kuna litungu, zeze la nyuzi saba au nane, na pia siilili. Vijana wengi huonja sanaa hizi shuleni kupitia Kenya Music Festival, mashindano yaliyoanza mwaka 1927. Mwalimu huwafunza miezi kadhaa, wanafika hadi fainali za kitaifa, wanarudi na kombe. Kisha wanamaliza kidato cha nne, na hapo ngazi imekatika. Lipo tamasha la muziki na utamaduni la watu wazima, lakini ni siku chache katika mwaka mzima. Siku zilizosalia, mchezaji hungoja harusi au mapokezi ya mheshimiwa. Huko huchezeshwa juani tangu saa nne hadi msafara ufike saa tisa, akapewa soda na ahadi.

Tusilaumu tu. Vikundi vingi havijui kuandika mkataba wa ukurasa mmoja, kutaja bei kabla ya kupanda lori, wala kufungua akaunti ya kikundi. Haya ni mafunzo ya siku tatu, si ya miaka mitatu. Majirani wao wa Kakamega, Waisukha na Waidakho, isukuti yao iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sifa hiyo ina uchungu ndani yake: ngoma huingia orodha hiyo kwa kuwa inakosa wa kuirithi.

Nimeliacha la mwisho lililo gumu. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu hutahiri vijana wao. Utamwona kijana anakimbia barabarani akipiga njuga za chuma zinazoitwa chinyimba, akienda kuwaalika jamaa, na hawezi kumruka mjomba wake, ndugu ya mama. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni na kusindikizwa nyumbani kwa nyimbo. Ndugu zao wa Mbale, Uganda, wana imbalu yao katika miaka hiyo hiyo, na ufunguzi wake huko Mutoto huwavutia wageni wengi. Baadhi ya watu wanataka Bungoma ifuate mkondo huo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema.

Mimi nasema polepole. Barabarani ni pa watu wote, lakini mtoni na uani pa mwenyewe si jukwaa. Mwelekezi wa Bungoma anahitaji kufundishwa jambo moja ambalo wa Saiwa halimhusu: wakati wa kumwambia mgeni aliyelipa pesa zake aweke kamera mfukoni. Vivyo hivyo kumuse, ile hotuba ndefu ya kumbukumbu baada ya maziko ya mzee wa heshima, ambapo msemaji hutembea huku na huko katikati ya watu akieleza historia ya kabila na kuonya walio hai. Ni sanaa ya hali ya juu, na wanaoimudu si wengi. Lakini haikodishwi kwa saa, na anayeitia katika ratiba ya maonyesho baina ya mashindano ya urembo na hotuba ya mdhamini hajaielewa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inaitambua jamii kuwa mwenye mali, na imezipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Wazee wa kumuse ndio wanaofaa kuulizwa kwanza nini kiandikwe humo na nini kibaki kwao.

Ukipanga safari, nenda Saiwa siku ya kwanza ulale karibu ili uwahi asubuhi. Siku ya pili panda Elgon. Hapo langoni ulizia mwelekezi, na umwombe beji yake bila kuona haya, maana mwenye nayo hufurahi kuulizwa. Ya tatu, shuka Webuye kisha Bungoma. Ukimpata mpiga litungu, mpatane bei kabla hajaanza kukaza nyuzi, na ukimaliza umlipe yeye mwenyewe mkononi.