Herufi Mbili

Nilipomaliza kidato cha nne, baba aliniuliza nataka kuwa nani. Nikamjibu: mwandishi wa riwaya. Akacheka kidogo, akasema, "Kwanza ule, mwanangu."

Basi leo nakula kwa kutengeneza tovuti. Ofisi yetu ni chumba kimoja Kariakoo, watu watano, feni moja. Kazi yangu ni upande wa mbele, yaani kile anachokiona mteja akifungua simu yake. HTML ndiyo kuta za nyumba, CSS ni rangi na mapazia, na JavaScript ndiyo inayofanya mlango ufunguke ukiugusa. Brendan Eich, Mmarekani, aliunda umbo la kwanza la hiyo JavaScript kwa siku 10 tu, Mei 1995. Riwaya yangu mimi ina mwaka wa nne na haijafika sura ya sita!

Naandika usiku, wenzangu wa geto wakishalala. Na kwa kuwa sina mchapishaji, sura ya kwanza niliiweka kwenye ukurasa niliouchonga mwenyewe. Ulipendeza, usiniulize.

Macho ya baba yaliharibiwa na presha ya macho, kwa hiyo simu yake humsomea kwa sauti. Jumapili moja nilikwenda Mbagala, nikamwamkia, nikamfungulia ile sura. Ndugu msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Kiswahili changu kilitoka kama cha mtalii aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Baba akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Hiki ni Kizungu?"

Kosa lilikuwa langu. Juu kabisa ya ukurasa wa HTML pana mahali pa kutaja lugha. Nilikuwa nimenakili ukurasa wa kazini, na pale paliandikwa "en", Kiingereza. Simu ilitii ilichoambiwa. Nikafuta, nikaandika "sw". Herufi mbili, ambazo msomaji mwenye macho hazioni kabisa.

Tukarudia. Safari hii baba alinyamaza mpaka mwisho. Nikasubiri sifa.

"Huyo mama wa kwenye hadithi," akasema, "mbona hasemi neno? Unamsemea wewe tu."

Alisema kweli. Wiki nzima nilihangaikia rangi za ukurasa, na mama yule sikumpa hata sentensi moja.

Nilirudi geto na daladala ya mwisho, nikawasha kompyuta. Rangi sikuzigusa. Nilimwacha mama aseme.