Redio ya Ayeeyo na Kijisanduku Changu cha Sauti

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuharibu kitu cha mtu, ukakilipa, na hata baada ya kukilipa ukabaki na deni? Mimi ninalo deni la aina hiyo. Nimelibeba tangu mwaka 2003, nikiwa mtoto wa miaka 13 mjini Garissa.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Alihamishwa kutoka Pwani akapelekwa Garissa, nasi tukamfuata juu ya lori pamoja na magodoro yetu. Tulipanga vyumba viwili katika ploti moja na familia ya Kisomali iliyokimbia Kismayu mwaka 1991, vita vilipochacha. Mkubwa wa familia ile alikuwa bibi kizee ambaye sisi watoto wote wa ploti, Wasomali na wasio Wasomali, tulimwita Ayeeyo, yaani nyanya.

Ayeeyo alikuwa na redio ya mawe manne makubwa. Ilipofika saa ya idhaa ya Kisomali ya BBC, ile idhaa iliyoanza mwaka 1957, wazee walikuja na mikeka yao wakaketi uani. Lakini habari za siasa hazikumshughulisha sana Ayeeyo. Yeye alisubiri kipindi cha Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu kilichosoma majina ya watu wanaotafutwa na jamaa zao. Kitindamimba wake alipotea njiani wakati wa kukimbia. Majina yalipoanza kusomwa hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mimi nilikuwa sielewi Kisomali vizuri, ila jina la yule kijana nililijua, nami nilikuwa nikilitega sikio kama ningelisubiri la ndugu yangu.

Sasa, mawe ya redio yalikuwa ghali, na siku yalipoishiwa na nguvu sauti ya mtangazaji ilififia mpaka Ayeeyo akalazimika kuibandika redio sikioni. Mjukuu wake akaleta betri kuukuu ya gari. Nami, niliyekuwa nimefunzwa darasani juma lile lile habari za waya chanya na waya hasi, nikajitolea kuiunganisha. Lo! Nilikuwa nimesoma rangi za waya, lakini sikuwa nimesoma hesabu. Mawe manne, kila moja volti moja na nusu, ni volti sita. Betri ya gari ni volti 12. Redio ilitoa mlio mmoja mkali, kisha moshi mwembamba wenye harufu ambayo hadi leo nikiisikia moyo hunipasuka.

Ayeeyo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Aliifunga redio ile ndani ya kitambaa, akanipa, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Nenda kwa fundi, uketi hapo mpaka apone."

Fundi alikuwa na kibanda karibu na soko la Mugdi. Nilimwita Adeer, kama wavulana wengine wote walivyomwita. Nilikaa pale siku nne baada ya shule. Kile kipande cha kukuza sauti kilichoungua hakikupatikana mjini, hivyo akang'oa kingine katika redio mbovu ya aina nyingine kabisa. Miguu yake haikulingana na matundu ya ubao. Adeer hakujali. Alikigeuza kifudifudi, akaunganisha kila mguu kwa kijiwaya chake, mpaka kikafanana na kaa aliyelazwa chali. Kisha akaongeza kitu ambacho watengenezaji wa redio ile hawakukiweka: rigyuleta ya volti sita, ile iitwayo 7806, iliyofungwa kwenye kipande cha bati la mkebe wa mafuta ili ipoe. Huipa redio volti sita tu, na volti sita zinazozidi huzigeuza kuwa joto. Tangu siku hiyo betri ya gari haikuwa adui tena.

"Adeer, lakini mchoro wa redio hauko hivi," nilimwambia.

"Waryaa, mchoro umechorwa na binadamu," alinijibu bila kuinua macho. "Na binadamu huyo hakuwahi kuja Garissa."

Redio ikapona. Lakini jioni nne za majina zilikuwa zimepita. Je, jina la yule kijana lilisomwa katika mojawapo ya jioni zile? Ayeeyo hakuniuliza, nami sikuwa na la kumjibu. Aliendelea kusikiliza miaka mingi baadaye, na jina hakulisikia.

Huenda unajiuliza, msomaji wangu, kwa nini ninayafukua haya leo. Sababu ni kijisanduku.

Mimi ni mtu wa kalamu na daftari, lakini miaka michache iliyopita nilisoma habari za Mganda mmoja, Brian Bamanya wa Kampala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Afrorack. Huyu bwana alitamani sinthesaiza ya moduli, akaona bei zake, akaamua kujiundia mwenyewe. Mwaka 2022 alitoa albamu kupitia lebo ya Hakuna Kulala ya huko huko Kampala, na mitambo inayolia humo ni ya mikono yake. Nikasema, kama Kampala imewezekana, kwani mimi nimelaaniwa na nani?

Sinthesaiza ya moduli ni nini? Ile kinanda ya umeme unayoiona harusini huja na kila kitu ndani yake, nawe unabonyeza tu. Ya moduli ni kama jikoni: jiko kando, sufuria kando, kisu kando. Moduli moja huzaa mlio, nyingine huuchuja mlio huo ukawa mzito au mwembamba, nyingine huufungulia na kuufungia mlango ili usikike kwa kishindo au taratibu. Wewe huziunganisha kwa nyaya unavyotaka. Mmarekani Robert Moog alianza kazi hii mwaka 1964, na utaratibu alioutumia ungali unafuatwa: ukiongeza volti moja, mlio hupanda oktavu moja. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer akaleta moduli za kimo kidogo, na hizo ndizo zilizoenea hata vijana wakaanza kujiundia mezani.

Nilianza na chipu ya 40106, ambayo ni rahisi mno. Ndani yake mna milango sita, na kila mlango ukipewa rezista moja na kapasita moja hulia wenyewe. Hapo ndipo utamu wa kubadilisha ulipo. Ng'oa kapasita, weka nyingine ya nusu yake, na mlio unapanda oktavu moja. Weka rezista inayohisi mwanga mahali pa ile ya kawaida, na kijisanduku kinapiga mayowe juani, kisha kinanung'unika jua linapozama. Mke wangu alistahimili majuma mawili ya mayowe hayo, kisha akaniomba nihamie rosheni.

Ukitaka kujaribu, nitakudokezea machache niliyoyalipia kwa pesa yangu katika Barabara ya Luthuli, Nairobi. Kapasita iliyoandikwa volti 16 unaweza kuibadilisha kwa ya volti 25, lakini usithubutu kuweka ya volti 10, na zile zenye alama ya hasi ukizigeuza hupasuka kama bisi. Transista ya BC547 na ya 2N3904 hufanya kazi karibu sawa, ila miguu yao imepangwa kinyume, kwa hivyo ukibadilishana moja kwa nyingine uigeuze nyuma mbele. Hili la pili lilinipotezea Jumamosi nzima. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukiandika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kitu kikafa, utamshtaki nani?

Baada ya mwaka mmoja nilifika kwenye moduli ya mlio ya kweli, ile inayofuata volti moja kwa oktavu. Usiku mmoja wa baridi jijini Nairobi niliinyoosha ikanyooka, oktavu tatu nzima bila kasoro. Ikawa juma lile nina safari ya kikazi Garissa. Nikaibeba.

Msomaji, nilipoiwasha alasiri Garissa ilikuwa imepotoka kama mlevi. Noti ya chini ilikuwa sawa, lakini kila nilipopanda ilizidi kupungukiwa, na kwenye oktavu ya tatu kasoro ilikuwa takriban nusu-toni mbili. Nilidhani kuna waya uliokatika safarini. La hasha! Ilikuwa joto. Moyo wa moduli hiyo ni jozi ya transista, na tabia ya transista hizo hubadilika kwa kadiri ya asilimia 0.33 kwa kila digrii moja ya joto. Toka usiku wa Nairobi wa digrii 15 hadi alasiri ya Garissa ya digrii 36, ukipiga hesabu utaona ni kitu cha asilimia saba. Dawa yake ni rezista ya pekee ambayo nayo huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo, ikigusana na transista ili zipate joto pamoja. Mchoro wangu uliitaja. Mimi nilikuwa nimeweka ya kawaida kwa kuwa ile ya pekee haikupatikana, nikajiambia si kitu.

Nikaenda Mugdi. Adeer bado yupo, ndevu zimepakwa hina, kibanda sasa ni cha simu za mkononi, na vijana wawili wanamsaidia. Nilimweleza shida yangu, nikitarajia atanicheka. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Unataka kitu ambacho kikipata joto, omu zake zinapanda?"

"Naam, Adeer. Kwa asilimia 0.33 kila digrii."

"Waya wa shaba," akasema. "Kila fundi wa mota anajua. Pima koili asubuhi, pima adhuhuri, si sawa."

Ni kweli. Shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.39. Alichokura katika sanduku la vyuma vyake, akatoa kifaa cha kutuliza umeme kilichokufa, maana katika enzi za jenereta za dizeli umeme wa Garissa uliua vifaa vingi, akang'oa relei mbili. Koili zake mbili tulizipanga mfululizo zikasoma omu 800 hivi. Tukaongeza rezista ya kawaida ya omu 150 ili kuizimua ile shaba iliyozidi kidogo. Tukavifunga koili na transista pamoja kwa uzi wa cherehani. Umbo lake lilikuwa baya, nakiri. Tuliinyoosha upya alasiri ile, na usiku wa manane niliijaribu tena juu ya paa la nyumba ya kulala wageni. Ilikuwa imetulia.

Kesho yake nilipita kwenye ile ploti. Ayeeyo alifariki mwaka 2014, Mungu amrehemu. Binti yake alinikaribisha chai ya maziwa yenye iliki, tukaongea ya zamani, kisha akaingia ndani akatoka na redio ikiwa ndani ya kitambaa.

"Mama alisema hii ni yako," akaniambia. "Wewe ndiye uliyeketi nayo kwa fundi."

Nilirudi nayo Mugdi. Kijisanduku changu hakikuwa na spika, na spika ya redio ile ni nzuri, ya karatasi nene. Kijana mmoja wa Adeer alikuwa tayari ameshika bisibisi ili aing'oe. Adeer akanitazama tu. Nikaichukua bisibisi, nikafungua mgongo wa redio mwenyewe. Yule kaa wa mwaka 2003 alikuwa bado amelala chali, na rigyuleta bado juu ya bati lake la mkebe wa mafuta.

Sikuing'oa spika. Niliweka swichi ndogo ya njia mbili ubavuni, nikalehemu nyaya mbili tu: upande mmoja kijisanduku, upande wa pili redio kama ilivyokuwa. Nilipomaliza tulicheza na milio kwa nusu saa, vijana wakileta kila mmoja wimbo wake wa kujaribu, mpaka Adeer akachoka na kelele.

"Irudishe," akasema.

Nikasukuma swichi. Kwanza ulikuja mkwaruzo, nikazungusha kitasa pole pole, na sauti ya mtangazaji wa Kisomali ikajaa kibandani. Adeer akaacha alichokuwa akifanya. Sote tukanyamaza, hata wale vijana.