Majigambo na Mashahidi Wake

Stendi kuu ya mabasi ya Musoma ipo Bweri. Alfajiri, mabasi ya Mwanza na ya Tarime huanza kunguruma, na sauti za wapiga debe huzishinda injini. Waendesha bodaboda hujipanga pembeni, kila mmoja na chombo chake, na katika vyombo vile hukosi picha ya mwimbaji aliyefunua kifua, ya bondia aliyekunja ngumi, au ya mchezaji wa mpira aliyenyosha kidole mbinguni kana kwamba amepewa ufunguo wake. Vijana huiga mwendo wa watu hao, miwani yao na maneno yao. Kila mmoja ni bingwa, simba au mfalme. Raia wa kawaida hapatikani pale, ila abiria.

Si haki kuwacheka. Zamani, kwa makabila mengi ya nchi ya Mara, uanaume ulikuwa na mlango, na mlango huo ulikuwa jando. Mvulana aliingia akiogopa akatoka akihesabiwa. Jando lile lilifunza uvumilivu, lakini lilifunza na ukatili pia, na wako wake wa watu waliolipa karo ya mafunzo hayo kwa migongo yao. Haifai kulililia bila kiasi. Walakini lilimpa kijana jibu la swali lake: nitajuaje kuwa nimekuwa mwanamume? Kijana wa leo hubaki na swali lile lile, na wanaojitokeza kumjibu ni watu mashuhuri, ambao kazi yao ni kutazamwa.

Majigambo yenyewe si dhambi. Kwa Wahima wa Ankole, ng'ambo ya ziwa, yalikuwa sanaa yenye heshima, nayo yalikusanywa na kuchapishwa kitabuni na H. F. Morris mwaka 1964. Shujaa alisimama mbele ya wenzake akajisifu kwa kinywa chake mwenyewe, kwa maneno ya haraka yaliyopangwa kwa vina vya sauti na majina ya sifa. Ukiyatazama vizuri utaona kwamba sifa zile zilifuata vita, hazikuvitangulia. Na waliozisikia walikuwamo wengi ambao wangeweza kusema kimoyomoyo, au hata kwa sauti, kwamba siku ile mtu huyu alikuwa nyuma ya kichuguu. Shahidi ndiye aliyelipa jigambo thamani yake. Tambo za siku hizi hutangulia tendo, na husemwa mbele ya watu ambao hawakuwapo wala hawatakuwapo.

Katika nchi za Ziwa hakuna aliyetamba kwa namna hii kumshinda Idi Amin. Alikuwa askari wa Kikoloni tangu mwaka 1946, bondia bingwa wa Uganda, mtu wa kimo na kifua. Baada ya kunyakua serikali tarehe 25 Januari 1971 alijipandisha cheo hata akawa jemadari mkuu kuliko wote, akajivika nishani alizojitunukia, akajiita mshindi wa Dola ya Kiingereza. Mwaka 1975 alijibebesha kitini mabegani mwa Wazungu, na wapiga picha wa dunia hawakulala. Alikuwa mtu mashuhuri kwa maana yote ya neno hili: magazeti yalimhitaji, naye aliyahitaji. Waliokuwa wakitupwa katika mto Naili hawakuwa na wapiga picha.

Mwaka 1972 Amin alimpelekea Julius Nyerere simu ya maandishi akisema kwamba anampenda, na kwamba kama Nyerere angekuwa mwanamke angefikiria kumwoa, ingawa kichwa chake kina mvi. Vita vilipozuka baada ya majeshi yake kuvamia Kagera mwezi Oktoba 1978, alimwita Nyerere ulingoni: wapigane wawili, yeye mkono wake mmoja ukiwa umefungwa mgongoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Tusi la kwanza lilikuwa kumfanya mwanamume kuwa mwanamke. La pili lilikuwa kumwita mtu mdogo wa mwili ashindane kwa mwili. Yote mawili yalitoka katika fikira moja, kwamba uanaume ni nyama.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na shule aliianzia Mwisenge, hapa hapa Musoma, mwaka 1934. Hakuingia ulingoni. Tarehe 2 Novemba 1978 aliwaambia wananchi kwa maneno machache kwamba mvamizi atapigwa, akaeleza sababu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Siku chache kabla, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilikuja kuipiga Mwanza, ikaishia kuua swala katika hifadhi ya Saa Nane. Na labda hakuna picha ya tambo iliyo kamili kuliko hii. Aliyetaka kupigana kwa mkono mmoja alikimbia kwa miguu yote miwili, akafia Jeddah mwaka 2003. Lakini tusimfanye Mwalimu malaika. Wako wazee wa Mara wanaokumbuka jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu kuingia vijijini mwaka 1974, na vita vyenyewe viliiachia Tanzania ufukara wa miaka mingi. Ukomavu haumwondolei mtu makosa.

Na yule mwamuzi aliyetajwa? Ali alikuwa mwenye majigambo kuliko wote, lakini yake yalikuwa na tarehe ya malipo. Alitamba kwamba atamwangusha George Foreman. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, katika raundi ya 8, akamwangusha. Hata hivyo siku yake iliyo kubwa kwetu ni nyingine, wala haionyeshwi sana. Mwezi Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma azishawishi nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, akaanzia Dar es Salaam. Nyerere alikataa kumpokea, akiona si heshima kutumiwa bondia katika shauri la nchi. Waandishi wa habari walimwuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976. Bingwa wa maneno akakosa neno. Kisha akakiri, mbele yao, kwamba hakulijua jambo lile, na kwamba huenda ametumiwa vibaya. Kwa mtu aliyejiita mkuu kuliko wote, kusema "sikujua" mbele ya kalamu nyingi kulihitaji kifua kipana zaidi ya kile cha Kinshasa.

Hapa kwetu, mwezi Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu raia walikuwa wamekufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Picha yake haijabandikwa katika bodaboda yoyote.

Pale Bweri palikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu, ambaye mwanawe aliendesha bodaboda. Siku moja fedha za mzee zilipotea; akamfuata kijana stendi, akampiga makofi mbele ya wenzake, akamwita mwizi. Kijana alikuwa na nguvu za kumrudishia, hakumrudishia. Jioni fedha zilionekana ndani ya koti la mzee mwenyewe, pale bitana ilipochanika. Mkewe alimshauri azungumze na mtoto nyumbani, taratibu, chakula kikiisha. Mzee akakataa. Kesho yake, saa ambayo basi la Mwanza hujaza, alirudi mahali pale pale, akavua kofia.

"Mura," akasema, "jana nilikupiga mbele ya hawa, na mwizi hukuwa wewe. Nimekosa. Nisamehe."

Baadhi ya vijana walicheka. Mmoja alisema mzee amekuwa mwanamke. Kijana hakucheka, wala hakumtazama aliyesema. Alipangusa kiti cha nyuma cha pikipiki kwa kiganja, akasema, "Panda, baba, nikupeleke nyumbani," akamwachia mwenzake abiria aliyekuwa wa zamu yake.