Kichana cha Nyanya

Mpenzi msomaji, wewe uliye na watoto nyumbani wajua kwamba swali gumu huja wakati usioutarajia. Langu lilianza Jumapili moja usiku, mbele ya televisheni.

Tulikuwa tukitazama Jurassic Park, filamu ya Steven Spielberg iliyotoka mwaka wa 1993, kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya 1990. Huenda kisa chenyewe unakijua. Tajiri mmoja anajenga mbuga katika kisiwa karibu na Costa Rica. Wataalamu wake wanapata mbu wa kale aliyenaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka kuwa kama jiwe. Tumboni mwa mbu mna damu ya dinosaria, na ndani ya damu mna DNA, ile chembe ya urithi. Penye mapengo wanaziba kwa DNA ya chura. Si muda, majitu yaliyotoweka miaka milioni 66 iliyopita yanatembea tena. Kisha umeme unakatika, nyua zinakosa nguvu, na kilio kinaanza.

Binti yangu wa miaka minane alijificha nyuma ya kochi lakini alikataa tuzime. "Baba, huyo ni zimwi wa nyanya," alininong'oneza.

Nyanya yake, yaani mama yangu, alikuwa hodari wa hadithi za mazimwi. Tulimzika mwaka jana.

Asubuhi, nikifunga kamba za viatu, binti akanijia na kichana cha mbao. Mlikuwa na nywele mbili tatu za mvi katikati ya meno yake. "Wapelekee wale wataalamu," akasema. "Damu hatuna, lakini nywele ziko."

Msomaji, lau ungalikuwa mimi ungalisema nini? Siku hiyo nilichelewa kazini.

Nilimketisha nikamweleza kwamba DNA nayo huoza. Mwaka wa 2022 wanasayansi walitangaza kuwa wamesoma DNA ya miaka kama milioni 2 kutoka Greenland, na hiyo ilikuwa imehifadhiwa na baridi kali. Kutoka hapo hadi milioni 66 ni mbali mno.

Lakini sikutaka kumficha habari za Dolly, maana hizo si za filamu. Kondoo huyo alizaliwa Scotland tarehe 5 Julai 1996. Wataalamu walichukua seli ya kiwele cha kondoo wa miaka 6, wakaiunganisha na yai la kondoo mwingine lililotolewa kiini, kisha wakalipandikiza katika tumbo la kondoo wa tatu. Walijaribu mara 277, akapatikana Dolly peke yake. Mwenye seli alikuwa amekwisha kufa.

"Kwa hivyo alifufuka!" binti akaruka.

Hakufufuka. Dolly alizaliwa mchanga kama kondoo yeyote. Alifanana na yule wa kwanza kama pacha, lakini hakukumbuka lolote la maisha yake. Hata nyanya angetengenezwa hivyo, nilimwambia, angekuja akiwa mtoto mchanga, mdogo kuliko wewe, asiyelijua jina lako wala hadithi hata moja.

Alikitazama kichana kwa muda. "Basi utanisimulia wewe."

Jioni nikajaribu. Nilianza ile ya zimwi aliyemeza kijiji kizima, watu na mbuzi wao, nikafika pale kijana anapompasua tumbo kwa panga.

"Si tumbo, Baba," akanikatiza. "Zimwi mwenyewe alimwambia amkate kidole kidogo, na watu wakatokea hapo."

Nikanyamaza, nikamwachia amalize. Alijua mpaka nani alitoka wa kwanza.

Kichana tumekiweka kabatini pamoja na nywele zake. Nawe mzazi mwenzangu, ikiwa mama yako yungali hai, wapeleke watoto wakamsikilize likizo hii. Nenda nao, uketi usikilize pia. Mimi nilidhani hadithi zile nazijua.